Sitara Alichagua ya Kijivu

Kila asubuhi Sitara alikula vitumbua vyake kwa kusimama, kabla hata hajavua baibui. Akimaliza aliichukua ile karatasi vilivyofungiwa, akaipangusa mafuta kwa kiganja, akaikunja mpaka ikawa kijumba. Kilikuwa kijumba kamili, kina paa la migongo miwili na mlango unaofunguka. Alikiweka mezani, akakitazama kidogo, kisha akakiponda kwa ngumi.

"Vidole vimeamka," alisema, na kazi ikaanza.

Mgeni aliyemwona alidhani ni mtu wa mzaha. Sitara hakuwa na mzaha, alikuwa na mdomo. Mteja akileta picha kwenye simu na kusema anataka sanduku kama lile, Sitara aliitazama picha, akamtazama mteja kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Hili ni la ukumbini, mwanangu. Sherehe yako si uani kwa shangazi yako?" Ubaya ni kwamba mara nyingi alipatia. Mteja alicheka kwa aibu, akapunguza ukubwa wa sanduku, na akalipa.

Duka lipo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, juu ya maduka ya mapazia. Mwenye duka ni Severa, mama wa Kirombo ambaye jengo zima linamwita Mama Caro kwa jina la binti yake Caroline. Tunauza vitu vya sherehe. Mimi naandika majina ya waalikwa kwenye kadi, na meza yangu imetenganishwa na iliyokuwa meza ya Sitara kwa pazia la maua lisilofika chini. Ninayoyasimulia hapa niliyaona na kuyasikia kupitia pazia hilo.

Jina la duka lilijengwa na masanduku. Kwenye sherehe za bibi harusi, send-off au kitchen party, mbele ya meza kuu lazima liwepo sanduku la zawadi. Watu wanakuja wakicheza, bahasha juu, wanaitumbukiza ndani na kurudi kwenye viti vyao. Zamani lilikuwa boksi la sabuni lililovishwa karatasi ya kung'aa. Siku hizi hakuna anayekubali boksi. Watu wanataka birika, sufuria, mkoba wa kike, gari, nyumba ya wazazi. Familia za Kiislamu za hapa mjini nazo zinataka kasha la msahafu na mswala wa bibi harusi, lenye kuba juu. Vyote hivyo Sitara alivitengeneza kwa karatasi ngumu za manila, gundi na wembe, na ramani aliitoa kichwani.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Aliilaza manila kifudifudi, akachora kwa penseli upande wa nyuma, ili sanduku likishakunjwa mistari yote ibaki ndani na nje pawe peupe. Anayechora hivyo analazimika kugeuza kila kitu. Mlango unaotakiwa kulia anauchora kushoto. Sitara hakuwa tena anafikiria jambo hilo. Mkono wake uligeuza wenyewe.

Alizaliwa Mtaa wa Mahiwa, kwenye nyumba ya babu yake, nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na uani mkungu. Kaka zake waliiuza, ikabomolewa, ikaota ghorofa. Yeye akaenda kupanga chumba Mchikichini. Aliolewa akaachwa, akaolewa tena, mara hiyo akaacha yeye. Mtoto hakupata. Ukimuuliza mtu pale jengoni Sitara ni nani, hakukutajia ukoo wala nyumba. Alikuonesha meza.

Meza hiyo ndiyo iliyoingia hatarini asubuhi moja Severa alipopanda ngazi akihema na kusema kabla hajaketi, "Sitara, nanunua kompyuta ya kuchora masanduku."

"Ya nini? Mimi nimekufa?"

"Hujafa. Unachelewa. Wale wa Mtaa wa Narung'ombe wanatoa gari asubuhi na jioni wanatoa jingine."

"Magari yao yana tairi kama maandazi."

"Na yanauzika. Sasa sikiliza nikwambie kabisa, usije ukasema nilikuficha. Kompyuta ikishakaa, mchoraji hapa atakuwa mmoja, yule anayeiendesha. Wengine watachukua karatasi zilizokwisha katwa, wakunje nyumbani kwao, nitawalipa kwa kipande. Siwezi kulisha mashine na mtu."

Sitara aliendelea kukata. "Na huyo mmoja ni nani?"

"Tutaona. Kwanza tuchague programu. Ansbert ameleta mbili za kujaribu. Mimi karatasi siijui, na Ansbert anachojua ni kuuza. Utachagua wewe. Jumamosi unaniambia ipi."

Ansbert ni mtoto wa kaka yake Severa, anauza simu na kompyuta Mtaa wa Aggrey. Kijana mpole, anavaa fulana iliyopigwa pasi. Aliiweka kompyuta juu ya manila za Sitara.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Toa kitu chako juu ya karatasi zangu."

Akaiinua, akapangusa mahali pengine, akaiweka tena. Programu ya kwanza alama yake ilikuwa ya kijani, ya pili ya kijivu, na tangu siku hiyo hapakuwa na aliyeziita kwa majina mengine.

"Hii ya kijani ni kama mchezo," alisema Ansbert. "Umbo lishatengenezwa, yapo mengi humu, birika, gari, chochote. Unalichagua, unaliwekea ukubwa, halafu unabonyeza hapa."

Akabonyeza. Birika lililokuwa linazunguka kwenye kioo likaanza kuchanika lenyewe, likafunguka kama ganda la chungwa mikononi mwa mtu mwenye subira, likalala bapa. Kila kipande kikaota pembeni vile vibapa vya kupakia gundi, ambavyo sisi tunaviita ndimi. Kila ukingo ukapata namba, na namba hiyo hiyo ikatokea kwenye ukingo wa mwenzake, ili mtu ajue kipi kinashikana na kipi.

Sitara aliinama karibu na kioo, akaifuata namba moja kwa kidole mpaka kwa mwenzake.

"Na ile nyingine?"

"Hii ya kijivu ni ya mafundi hasa. Umbo unaweza kulichora humo humo. Lakini haifanyi kitu mpaka uiambie. Unaonesha mwenyewe ukingo upi ukatwe, upi ukunjwe, ulimi ukae wapi."

"Kwa hiyo hapa nani anaamua pa kukata?"

"Wewe, anti."

"Na kwenye ya kijani?"

"Yenyewe."

"Basi nimeelewa," alisema Sitara. "Nenda."

Wiki hiyo alibaki na zote mbili, na michoro ilikuwa inachapwa dukani kwa Ansbert. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, lakini macho yake yalikuwa makali, na alichokuwa hajui kusoma alikariri mahali kilipo. Kwa ile ya kijani alitengeneza birika kabla ya adhuhuri, na mfuniko wake. Alilikunja akifuata namba. Liliziba kote, mdomo ukakaa, mkono ukakaa. Aliligeuza na kuligeuza akitafuta upenyo wa kuingiza ukucha. Hakuupata. Akalichana vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye mfuko wa takataka, na kuufunga mfuko fundo.

"Hii hata paka anabonyeza," aliniambia juu ya pazia. "Nikiichagua hii, kesho analetwa mtoto wa mtu yeyote anakaa hapa. Lakini ya kijivu inataka mtu anayejua karatasi. Wa kukaa nayo ni nani hapa, kama si mimi?"

Ya kijivu ilimpa taabu. Alikaa nayo siku nzima kwa sufuria moja. Alikosea, akafuta, akatukana wazungu, akamwita Ansbert kwenye simu na kumtukana naye. Lakini hadi Alhamisi alikuwa anaweza kuweka mistari ya kukata mahali anapotaka, na hapo niliona mabega yake yamelegea. Mahali pa kukata ndipo palipokuwa pake.

Ijumaa, wengine walipokwenda kuswali, alitengeneza nyumba mbili za kumwonesha Severa, umbo moja, moja kwa kila programu. Ya kijivu aliibana vizuri. Ya kijani, kabla ya kupaka gundi, alichukua wembe na kuzipunguza ndimi za chini ya paa, moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki nyembamba kama ukingo wa ukucha. Gundi yake aliiongeza maji. Alijua namwona.

"Wewe andika majina ya watu," aliniambia.

Jumamosi Severa alikuja amesuka, na Ansbert nyuma yake. Fikirini, mchukuzi anayetupandishia manila ngazini, naye alisimama mlangoni na mzigo begani, maana habari ilikuwa imeenea jengo zima. Nyumba mbili zilikaa mezani, nyeupe, zimefanana.

"Hii ni ya kijivu," alisema Sitara. "Inua."

Severa aliishika kwa paa, akainua. Nyumba ikanyanyuka nzima. Akaitikisa. Haikulia.

"Na hii ya kijani. Inua hivyo hivyo."

Severa akainua. Paa likabaki mkononi mwake, na kuta zote nne zikalala mezani.

"Nyumba ya Jangwani hiyo!" alipiga kelele Fikirini. "Mvua imepita!"

Korido ilicheka. Wauza mapazia walikuwa wamepanda kuangalia, nao wakacheka. Ansbert alisogea, akaokota ukuta mmoja.

"Shangazi, haiwezekani. Nimeijaribu mimi mwenyewe juzi, haiwezi..."

"Juzi ulikuwa unauza kava za simu," alisema Sitara, "na leo rudi ukauze kava za simu. Karatasi inataka mtu mzima. Wewe hata hiyo fulana anakupigia pasi mama yako."

"Mimi nasema tu kwamba..."

"Ondoa mikono yako ya jasho kwenye kazi yangu."

Ansbert aliuweka ukuta chini. Masikio yake yalikuwa yameiva. Alitazama shangazi yake amtetee, lakini Severa alikuwa ameinama juu ya vipande. Aliokota kimoja, akapitisha dole gumba kwenye ulimi wake, taratibu, kama mtu anayepima kisu. Akakirudisha mezani.

"Kwa hiyo wewe unasema ya kijivu," alisema.

"Nasema ya kijivu. Ni ngumu, sikufichi. Inataka anayejua."

"Inataka anayejua," alirudia Severa. "Haya. Tumemaliza. Ansbert, niletee ya kijivu."

Sitara alishinda siku hiyo akiimba. Alimtuma Fikirini soda, akampa na chenji abaki nayo. Alinipangia hata mimi mahali pa kusogeza meza yangu, maana kompyuta ingetaka nafasi karibu na dirisha, na yeye ndiye angekaa hapo.

Kompyuta ilikuja kati ya wiki, mpya, pamoja na printa pana ya kuchapa manila nzima. Siku hiyo hiyo alipanda ngazi msichana mwenye miwani na kucha ndefu za rangi ya zambarau, mkoba mgongoni. Alisimama mbele ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kadi zipo kule, mapambo yapo huku. Unataka nini?"

"Nimekuja kazini. Naitwa Jovitha."

Sitara alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Kazi gani? Na hizo kucha utakunja karatasi au utachambua mchele?"

"Sikunji, mama. Nachora. Chuoni tulikuwa tunatumia ya kijivu."

Severa alikuwa nyuma yake, anavua viatu vya kutembelea na kuvaa kandambili za dukani. Hakufanya haraka.

"Mama Caro," alisema Sitara, "huyu amekosea jengo."

"Hajakosea."

"Ulisema mchoraji atakuwa mmoja."

"Ndiye huyu."

"Na mimi? Si ulisema nichague? Nikakwambia inataka anayejua!"

"Nami nimemleta anayejua."

"Anayejua karatasi, Mama Caro!"

"Sitara." Severa aliketi, akakunja mikono juu ya tumbo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ile ya kijani nilikuwa nakuachia wewe. Nilimwambia Ansbert tangu mwanzo, tafuta ya kubonyeza, Sitara atabonyeza, sitaki kuleta mtu mgeni. Akakuletea. Wewe ukachukua wembe. Unadhani mimi sijui ulimi uliopunguzwa kwa wembe? Mashine haipunguzi ndimi. Nikasema sawa, mwenzangu anataka ngumu. Nitampa ngumu, na mtu wa kuiendesha."

Huko koridoni mtu aliacha kuvuta kitambaa. Sitara aliuweka wembe wake mezani. Akaketi. Baadaye akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "Nipe kazi moja. Kwa hiyo hiyo ya kijivu. Nikishindwa nachukua baibui langu."

Severa angeweza kukataa. Nadhani alikuwa na hamu ya kuona. Alitoa simu, akafungua picha.

"Nyumba ya Dada Matilda, kule kwao Marangu. Send-off ya binti yake ni keshokutwa. Anataka hii hii, si nyumba nyingine."

Matilda ni mfanyabiashara mkubwa wa vitenge, mteja ambaye akiridhika anakuleta ukoo mzima, na asiporidhika vile vile. Nyumba ya pichani ilikuwa na gereji kushoto, baraza pana kulia yenye nguzo, na dirisha la mviringo juu ya mlango. Jovitha alitoka kwenye kiti, Sitara akakaa.

Alichora umbo lile akiuma ulimi. Aliweka mistari ya kukata mahali ambapo mimi nisingefikiria, kwenye kona za kivuli, nyuma ya nguzo, ili maungio yasionekane. Jovitha, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alisogea karibu. "Hapo umeweza, mama," alisema, na alisema kweli. Printa ikatoa manila, na mistari yake myembamba kama utando, maana rangi ingepakwa juu yake na kuificha. Sitara alikata. Kisha akaishika manila kama alivyoishika maisha yake yote, upande wenye mistari ukiwa ndani, na kuanza kukunja.

"Mama," alisema Jovitha, "kabla hujaendelea, hiyo huwa..."

"Nilipoanza kukunja karatasi mama yako alikuwa hajavunja ungo."

"Nilitaka tu kusema..."

"Usiseme. Kaa pale upake kucha."

Jovitha alikwenda akaketi. Alitoa simu yake na kuitazama. Mara moja moja aliinua macho, akatazama mikono ya Sitara inavyokwenda, akayashusha tena kwenye simu. Hakujaribu tena.

Kompyuta haichori kutoka ndani. Inachora kama mtu anavyoiona nyumba akiwa barabarani, na mistari yake inatakiwa ibaki nje. Sitara aliikunja ndani, kwa sababu mistari kwake ilikuwa kitu cha kuficha. Kazi yenyewe ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kutoa. Nguzo zilisimama, dirisha la mviringo likawa mviringo, paa likapata rangi ya kijani kibichi kama lile la pichani. Aliiweka mezani, akakaa mbali nayo kidogo, akaitazama na kutikisa kichwa kwa furaha. Alikuwa anaona nyumba aliyoikusudia.

Matilda alikuja na dada zake, wamevaa sare, wanarudi kwenye kikao cha kamati. Aliizunguka meza mara moja. Akaitoa picha. Akaizunguka tena.

"Hii nyumba ya nani?"

"Yako, dada," alisema Sitara. Alikuwa amesimama, amevaa ushungi mpya.

"Yangu? Yangu gereji iko huku. Hapa ndipo sebuleni." Akaweka kidole. "Kwa hiyo mume wangu akirudi kutoka shambani anaingiza gari kwenye kochi?"

Dada zake walianza kucheka. Mmoja alishika paa kwa mikono miwili, akaigeuza nyumba nyuma mbele. "Labda tunaiangalia kutoka chooni!"

"Hata ukiigeuza haikai, Matilda! Hii ni ya jirani aliyekuibia ramani!"

"Mwanangu anaolewa," alisema Matilda, naye sasa anacheka mpaka machozi, "wakwe wanakuja kutoka Bukoba, wanaambiwa hii ndiyo nyumba ya bibi harusi, kisha wakija Marangu wanapita, wanaitafuta nyingine! Severa, huyu mama mmemtoa wapi?"

"Ni fundi wetu wa zamani," alisema Severa.

Sitara alikuwa ameinamia nyumba. Niliona anatazama gereji iliyokaa kulia, kisha mikono yake, kisha gereji. Alielewa wakati huo huo, na hakuhitaji kuelezwa na mtu. Aliinua uso kumtazama Jovitha. Jovitha aliangalia kwingine.

"Jovitha, mama," alisema Severa, "chapa upya. Dada Matilda, kaa unywe soda. Haitachelewa."

Haikuchelewa. Jovitha hakuchora kitu. Ramani ilikuwa ile ile ya Sitara, na ile mistari yake ya kukata iliyofichwa nyuma ya nguzo. Aliichapa, akaikunja upande wa pili, polepole kwa sababu ya kucha, na gereji ikakaa kushoto. Nyumba ya kwanza Fikirini aliambiwa aishushe chini. Aliibeba kichwani, na ngazi nzima nilisikia watu wakimuuliza amehamia wapi.

Sitara alilitoa baibui msumarini. Alipofika mlangoni Severa alimwita, nami nilidhani atamwambia arudi.

"Karatasi za kukunja zitakuwa tayari Jumatatu. Utachukua mwenyewe au nikuletee?"

Sitara alilivaa baibui pale pale mlangoni.

"Niletee," alisema.

Ninayempelekea ni mimi, kwa kuwa njia yangu ya nyumbani inapita Mchikichini. Chumba chake sasa kimejaa masanduku kitandani, chini, mpaka juu ya kabati, na yeye analala kwenye ukanda uliobaki. Amewekewa namba, anafuata namba. Wapangaji wenzake wanamtania uani. "Bi Sitara, umejenga mji mzima na wewe bado unapanga!" Zamani angewajibu mpaka wakose pa kuweka uso. Sasa anavuta mlango. Severa hutuma maneno kwa mdomo wangu, kwamba apunguze gundi, kwamba pembe za birika la mwisho zilikuwa na alama za vidole, kwamba Jovitha anasema afuate namba na asijiongeze. Nayafikisha kama yalivyo. Yeye husema "Sawa."

Wiki iliyopita nilimpelekea kasha la msahafu, lenye kuba la vipande vyembamba vingi, kazi ya Jovitha kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alilikunja nikiwa nimeketi pale. Alilishika juu, karibu na taa, akaliangalia kutoka chini, akapitisha ukucha kwenye kila ungio, akarudia. Alilisogeza mbali, akalileta karibu. Muda wote nilioishi pazia moja naye sikuwahi kumuuliza kitu, kwa kuogopa jibu lake. Siku hiyo nilimuuliza ramani za Jovitha zina kasoro gani.

"Hakuna," alisema. "Nimetafuta."